Starlet ya kaka, bomba la maji, na kiti cha kushoto

Wadau, samahanini kwa ukimya. Sikuumwa, sikuhama gazeti, wala sijaoa kimya kimya kama mshikaji mmoja alivyotangaza pale kijiweni. Nilikuwa Ubungo. Kila Jumamosi na Jumapili, nimelala chali chini ya Starlet ya kaka yangu, tochi ya simu nimeishika kwa meno, namsikiliza fundi akiniambia, "Msomi, sogeza mkono, cheche hizo hazijui digrii."

Kisa chenyewe ni hiki. Kaka yangu, yule ninayemfuata kuzaliwa, ana Toyota Starlet ya milango mitatu, ya miaka ya tisini, injini ya 1.3. Kwa mtu mwingine ni gari la kuanzia maisha, kwake ni mke wa pili. Asubuhi inampeleka binti yake shule huko Kimara, mchana inafanya mishemishe za mjini, Jumapili inabeba shemeji na nusu ya kwaya. Tulikulia Iringa, na utotoni tulikuwa tunasimama juu ya kichuguu kando ya barabara ya vumbi kuangalia magari ya rali yanapita. Mimi ule ugonjwa ulinitoka nilipoanza kidato cha kwanza. Yeye haukumtoka. Mwezi wa tatu akanipigia simu usiku: "Dogo, naingia kwenye rali, daraja la magari ya kuvuta mbele. Wewe ndiye navigeta wangu. Si unajua kusoma haraka?"

Nikasema sawa. Ndivyo ninavyojibu mambo yote anayosema kaka, halafu nafikiri baadaye. Nilipofikiri nikakumbuka kwamba kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo navigeta anakaa kushoto. Kiti cha kushoto ndicho changu. Kikumbukeni hicho kiti, kitarudi.

Mtu akitaka kuingia kwenye rali, kabla hujagusa injini, kabla hujanunua matairi, kuna kitu kinaitwa rolikeji. Ni fremu ya mabomba ya chuma inayofungwa ndani ya gari, ili gari likibiringita paa lisikushukie kichwani. Mafundi wanaita keji tu. Mama yangu angeliona angesema ni tundu la kuku. Angeliona, nimesema, maana mpaka naandika hapa mama hajui lolote.

Sasa niwaambie kwa nini mimi, mtu wa kalamu, nililishikia bango hili jambo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa habari za jiji, ambazo kwenye chumba cha habari maana yake ni ajali, moto na mafuriko. Siku moja nilitumwa Barabara ya Morogoro, kule mbele ya Kibamba. Gari dogo kama Starlet lilikuwa limebiringita. Magurudumu mazima, injini nzima, hata taa ya mbele moja bado inawaka. Ila paa lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa migongo ya viti. Niliandika aya nne, mhariri akapunguza zikawa mbili. Nguzo nyembamba zinazobeba kioo cha mbele zilikuwa zimekunjika kama mrija wa soda. Tangu siku hiyo nikipanda gari dogo huwa naziangalia zile nguzo kwanza.

Kwa hiyo kaka aliposema habari ya keji, nilimwambia hilo niachie mimi nisome. Nikasoma wiki nzima. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lina kitabu cha kanuni, na ndani yake Kiambatisho J, kifungu cha 253, ndicho kinachozungumzia keji. Ni maandishi makavu kuliko hotuba ya bajeti, lakini ukiyasoma huku ukijua wewe ndiye utakayekaa ndani, yanakolea kweli.

Kwanza bomba. Kanuni inataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye uwezo wa kuhimili mvuto usiopungua niutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Tao kuu, lile linalosimama nyuma ya viti vya mbele kama mlango wa goli, liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa ukuta milimita 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine yanaweza kuwa 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Kukunja ni kwa ubaridi, na kona isiwe kali: nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Kisha kuna miguu ya nyuma inayoshika lile tao lisilale, kuna bomba la mshazari linalozuia tao lisipinde upande, na kuna mabomba ya mlangoni ya kuzuia mtu akikuvaa ubavuni.

Nikapiga hesabu ya uzito. Mita moja ya bomba la 45 kwa 2.5 ni kama kilo 2.6. Keji nzima yenye mabomba ya mlangoni inakula mita nyingi, ukijumlisha na mabamba yake unakuwa umepakia abiria mmoja mwembamba asiyeshuka. Kwa gari lisilofika tani moja, lenye injini ya 1.3, abiria huyo anasikika kwenye kila mlima.

Machaguo yalikuwa matatu. La kwanza ni nusu keji: tao kuu na miguu ya nyuma tu, mbele pamebaki wazi. Ni rahisi, ni nyepesi, na kwa mtu wa kuzunguka uwanjani siku za wikiendi labda inatosha. Kwenye rali, ambako gari linaweza kutua kwa pua, zile nguzo za kioo nilizowaambia zinabaki zenyewe. Nikaikataa. La pili ni keji nzima ya kuchomelea moja kwa moja kwenye bodi. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, maana bodi na keji vinakuwa mwili mmoja, lakini ukishachomelea umeoa ndoa ya kanisani, haitoki. La tatu ni keji nzima ya kufunga kwa bolti, ambayo inasimama kwenye mabamba yaliyochomelewa kwenye sakafu na ukitaka unaifungua.

Mimi nilishaanza kuegemea ya bolti. Nikaenda Ubungo Jumamosi kumweleza kaka, daftari mkononi, najiona mtaalamu. Nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakunywa soda, na fundi amepanga chini mabomba manne yanang'aa. Mabomba ya maji. Yale yale ya kupandishia maji kwenye tangi. Kaka alikuwa ameshalipa na kianzio.

Niseme kitu kuhusu huyo fundi kabla hamjamhukumu. Gereji yake ni ile ya bati nne na mti wa mwarobaini, lakini ameshachomelea mageti ya nusu ya Ubungo, Manzese na Sinza, na hakuna hata moja lililorudi. Si tapeli. Ameniona naangalia mabomba akacheka: "Msomi, hilo la kwako la kwenye daftari lina unene gani?" Nikasema milimita mbili na nusu. Akachukua kipimo akapima lake mbele yangu: zaidi ya tatu. "Sasa nani ana bomba gumu hapo?"

Kaka akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Na kwa kweli swali lile lilikuwa zuri, sikuwa na jibu la haraka. Bomba nene kwa nini liwe baya? Jibu nililipata polepole, nusu kwenye kusoma na nusu pale pale chini ya mwarobaini. Bomba la maji limetengenezwa kubeba maji. Ni bati la chuma lililokunjwa duara na kuunganishwa kwa mshono unaotembea urefu mzima. Kazi yake ni kuzuia maji yasitoke. Hakuna aliyeliahidi kwamba siku moja litapigwa ubavuni na mti. Na ukitaka kulikunja kwa kona nzuri bila mashine, unafanya wanavyofanya mafundi wetu wote: unajaza mchanga, unaziba ncha, unachoma moto mpaka liwe jekundu, unakunja. Kona inatoka safi kabisa, lakini chuma pale kwenye kona si kile ulichonunua tena, na upande wa nje wa kona ukuta umevutika ukawa mwembamba. Halafu kuna ile zinki ya juu inayolifanya ling'ae. Ukiichomelea inatoa moshi mweupe wenye sumu, na mtu akiuvuta mchana, usiku anatetemeka homa kama ya malaria. Fundi alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Dawa aliyoiamini yeye ni kunywa maziwa. Pakti mbili zilikuwa tayari juu ya benchi.

Maneno hayakusaidia, mabomba yakasaidia. Nilimwomba fundi akate kipande cha kama shubiri moja, akibane kwenye jiriwa, kisha akipige nyundo mpaka kibonyee. Alikubali kwa sababu alikuwa na uhakika. Pigo la kwanza, kimya. La pili, kimebonyea kidogo. La tatu au la nne kikalia kama kuni kavu, na tukaona mstari umefunguka ndani, sawasawa na mshono, urefu wote wa kipande. Kipande kimoja si maabara, najua. Labda lile jingine lingevumilia. Ila fundi alikitoa kwenye jiriwa, akakigeuza mara mbili, akapitisha kidole kwenye ule ufa. Hakucheka tena. Akamwambia kaka, "Bosi, mimi geti nakutengenezea hata leo. Hili la kumweka mdogo wako ndani, tafuta bomba la msomi."

Kianzio alikirudisha, kasoro hela ya maziwa.

Hapo ndipo msako ulipoanza. Nadhani kila mtu wa Dar anajua kwamba Gerezani hakuna kitu hakipo. Unauliza bomba lisilo na mshono, unajibiwa "lipo, kaa hapo," kijana anakimbia, anarudi na bomba jeusi amelipaka oili ling'ae. Nilijifunza njia moja rahisi, nawapa bure: usiangalie nje, nje watasaga na grenda. Weka tochi ya simu ncha moja, chungulia ncha nyingine. Mshono una alama ndani, mstari kama kovu la upasuaji. Tuliangalia maduka saba. Bomba lisilo na mshono la kweli lilikuwepo sehemu moja, lakini lilikuwa la kazi za boila, nene kama bunduki, tungelifunga Starlet isingetoka getini. Muuzaji mmoja aliniapia kwa jina la marehemu baba yake kwamba bomba lake halina mshono, huku mimi nauona. Nikamwambia kaka, hapa hapana.

Kuna watu watauliza kwa nini tusiagize Uingereza, ambako kuna kampuni zinaunda keji za kila gari dogo. Tuliangalia. Keji, usafiri na ushuru ungekaribia bei ya Starlet yenyewe. Kaka alikaa kimya dakika nzima, na yeye si mtu wa kukaa kimya.

Suluhisho likatoka Nairobi. Wakenya kwenye mambo haya wametutangulia, tukubali. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kama sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na miaka ile ilikuwa inakatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa yetu sote kabla haijawa yao. Baada ya mwaka 2002 ilitoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia, ikarudi mwaka 2021 kule Naivasha, na kuanzia hapo hadi 2025 Toyota ndiyo iliyoshinda kila mwaka, kwa gari linaloitwa Yaris. Yaris ni jina la ng'ambo la Vitz yetu! Basi kaka huwa anajipa moyo kwamba Starlet ni mama mzazi wa bingwa wa dunia. Simwambii kwamba magari ya daraja la juu tangu 2022 yamejengwa juu ya fremu ya mabomba kuanzia chini mpaka juu, na Yaris yenyewe ni ngozi tu. Acha aamini.

Ninachotaka kusema ni kwamba utamaduni ule umeacha mafundi. Rafiki wa rafiki akatuunganisha na mmoja mwenye mashine ya kukunja kwa ubaridi na bomba sahihi. Akatuambia tumpe vipimo, atakata, atakunja, atatuma vipande na bolti zake. Bei ilikuwa robo ya ile ya Uingereza na kidogo zaidi. Tukapima Jumapili nzima: upana ndani, urefu kutoka sakafuni hadi paa, umbali wa nguzo hadi nguzo.

Kosa letu tulilifanya hapo, na lilikuwa langu. Nilipima urefu bila kutoa kile kitambaa cha dari. Kati ya kitambaa na bati la paa kuna nafasi karibu ya vidole viwili. Keji ikakunjwa kwa kipimo cha kitambaa.

Mzigo ulikuja kwa basi kupitia Namanga. Enzi za stendi ya Ubungo tungeubeba mabegani mpaka gereji kwa dakika kumi, lakini stendi ilihamia Mbezi Louis mwaka 2021, kwa hiyo tukakodi kirikuu, na lile tao kuu limesimama nyuma kama goli la mchangani. Pale kwenye madaraja ya Kijazi bodaboda mmoja akatuuliza tunakwenda kufunga kanisa gani.

Ufungaji ulichukua wikiendi nne. Nitaruka mengi, maana kuvua viti, kapeti na plastiki za Starlet ni kazi ya kuvunja kucha tu. Ila Jumamosi ya kwanza, kapeti ilipotoka, tuliona kitu ambacho bado nakiota. Sakafu upande wa kulia ilikuwa nzima, rangi ya kiwandani kabisa. Upande wa kushoto, pale mguu wa mbele wa keji unapotakiwa kusimama, fundi aligonga na mpini wa bisibisi, ukapita. Kutu. Maji ya kiyoyozi na miaka yote ya chumvi ya pwani vilikuwa vimekula bati kutoka chini ya kapeti, kimya kimya. Tundu la ukubwa wa sahani ya chai.

Mnaelewa maana yake? Tungekuwa na bomba bora kuliko yote duniani, limesimama juu ya biskuti. Na ni kushoto.

Bati la sakafu ya gari dogo halifiki hata milimita moja. Gari likianguka na paa, nguvu yote inashuka kwenye ile miguu michache, na mguu wa bomba kwenye bati jembamba ni kama kisigino cha kiatu kirefu kwenye matope: unazama. Ndiyo maana kanuni inataka chini ya kila mguu wa tao kuu na wa mbele pawe na bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, tuseme 10 kwa 12, lililochomelewa kwenye bodi, na kila mguu ushikwe kwa bolti tatu au zaidi, za M8, daraja la 8.8. Ile namba 8.8 imechongwa kwenye kichwa cha bolti. Ukinunua bolti isiyo na namba, umenunua msumari wenye mdomo.

Fundi hakuchukua bamba akaliweka juu ya kutu. Alikata sakafu yote iliyooza mpaka akafika kwenye chuma kinachong'aa, akaunda kipande kipya kwa kukigonga juu ya reli kidogo kidogo mpaka kikafuata kila bonde la sakafu ya zamani, akachomelea na mashine ya gesi aliyoiazima kwa jirani, maana vijiti vya kawaida vingetoboa bati lile jembamba. Halafu akaongeza bamba kubwa kuliko kanuni inavyotaka, likapanda mpaka kwenye kizingiti cha mlango. Nilimuuliza kwa nini amezidisha. Akasema, "Wewe una shingo nyembamba."

Kuhusu vidole viwili vyangu. Keji ilipoingia, ikawa fupi, kati ya tao na paa pana uwazi. Fundi wa pili, kijana anayesaidia, akapendekeza tupachike vipande vya chuma chini ya miguu vipande vipande mpaka ijae. Mzee akakataa. Aliunda visanduku vidogo vya chuma, vimefungwa pande zote na kuchomelewa kwenye mabamba, mguu ukasimama juu yake. Tao likapanda likagusa karibu kabisa na bati la paa. Kosa langu likawa limepata ngazi. Kaka alinitania siku nzima, na nilistahili.

Sasa shemeji. Wakati sisi tunashangilia tao limekaa, yeye aliuliza swali moja tu: "Mtoto atakaa wapi?"

Kiti cha nyuma kilikuwa kimetoka, na hakirudi, maana miguu ya nyuma ya keji inapita pale pale. Kaka akasema atakaa mbele. Na hapo ikabidi nimwambie kaka kitu ambacho kilikuwa kwenye daftari tangu wiki ya kwanza, sikuwa na ujasiri wa kukisema. Keji imetengenezwa kwa mtu aliyevaa helmeti, aliyefungwa mkanda wa pointi nyingi kwenye kiti kinachomshika. Mtu wa hivyo kichwa chake hakisafiri. Mtu wa mkanda wa kawaida, bila helmeti, akigongwa tu pale foleni ya Shekilango, kichwa kinakwenda pembeni, na pembeni kuna bomba la chuma. Unaweza kupona rali ukafa kwa kugongwa na daladala. Zile sponji maalumu za kuvalisha mabomba zipo, FIA ina kiwango chake cha sehemu zinazoweza kuguswa na helmeti, lakini hata hizo zimepimwa kwa helmeti, si kwa kichwa cha mtoto mwenye rasta za shule. Fundi alikuwa ameshaweka sponji ya godoro. Niliibonyeza kwa kidole nikagusa chuma.

Kaka alikasirika. Alisema kwa nini sikusema mapema, kabla hajatoa hela. Alikuwa na haki. Sikusema kwa sababu niliona furaha yake na sikutaka kuwa mimi wa kuizima. Tuliachana usiku ule bila kuagana vizuri.

Siku tatu baadaye akanitumia ujumbe: amemwekea binti nafasi kwenye basi la shule, na Starlet haitatembea tena barabarani ila kwenda gereji na kwenda mashindanoni, na sisi wawili tumevaa helmeti hata kama trafiki watatucheka. Yeye mwenyewe anapanda mwendokasi kwenda kazini. Anasimama kuanzia Kimara mpaka Kivukoni, mtu aliyekuwa anadharau basi! Shemeji hajasema amesamehe. Amesema tu ada ya basi ipo palepale kila mwezi.

Na wala sijidanganyi kwamba chuma kile kimemaliza mambo. Januari 2020 kule Monte Carlo, Ott Tänak na navigeta wake Martin Järveoja waliruka nje ya barabara na Hyundai i20 wakiwa kwenye mwendo wa kilomita 180 hivi kwa saa, wakabiringita mpaka chini, wakatoka wakitembea. Ukiangalia ile video unaanza kuabudu mabomba. Lakini Februari 2011 Robert Kubica alikuwa kwenye Skoda Fabia, gari dogo lenye keji halali kabisa, chuma cha pembeni mwa barabara kikaingia ndani ya gari na nusura kimkate mkono wa kulia. Na Aprili 2023 Craig Breen alifariki kwenye mazoezi huko Croatia, nguzo ilipopita dirishani. Navigeta wake hakuumia. Keji inazuia paa lisishuke. Kitu chembamba kikija kati ya bomba na bomba, hakuna kanuni ya unene inayokuokoa. Hilo nalo nimelisoma nikiwa najua nakaa wapi.

Jumapili iliyopita tulifunga bolti za mwisho. Leseni na ukaguzi ni kwa wenyewe, Chama cha Magari Tanzania, AAT, na nimesikia wakaguzi wa rali sehemu nyingine hutoboa kitundu kidogo kwenye bomba kupima unene wa ukuta. Wetu wakitaka kutoboa watoboe. Kaka alikaa kulia, mimi kushoto, helmeti kichwani. Kati ya helmeti yangu na bomba la paa palikuwa na nafasi ya kupitisha vidole vitatu. Fundi akasema haitoshi, akashusha kiti changu. Sasa ni ngumi nzima. Siioni barabara vizuri, lakini navigeta anaangalia karatasi.

Jioni shemeji akapita na binti yao, wametoka kanisani. Binti akaingia akaanza kupanda mabomba kama bembea. Shemeji akalizunguka gari taratibu, akagonga tao kwa pete yake mara mbili, akachungulia sakafu mpya upande wa kushoto, akasimama pale muda mrefu kidogo. Kisha akanigeukia.

"Shem, na mama anajua kwamba wewe ndiye unayekaa hapa?"

Kaka akaanza kuangalia mwarobaini. Mimi nikainama nikajifanya natafuta spana namba 13.